Kabati la Makandi Halipiti Mlangoni

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umefunika mashamba ya viazi ya Kibirichia, na Makandi Kiambi anautazama mlango wa karakana yake kwa hasira. Nyuma yake kabati la droo sita, la mbao za muringa, linang'aa kwa vanishi. Ni zuri kweli. Lakini halitoki.

"Nilipima mlango ya mwalimu kule Makutano, nikapima mpaka ngazi," anasema. "Yangu sikupima."

Karakana hii ilikuwa ghala la viazi, na ghala la viazi hujengwa likiwa na mlango mwembamba, bila dirisha, ili mwanga usigeuze viazi kuwa kijani. Marehemu baba yao alimgawia Makandi, ila kakake, Riungu, hakuacha kurundika viazi vyake humu. Kwa hati ni la Makandi. Kwa mazoea ni la Riungu.

Msimu uliopita waliafikiana mbele ya mama yao. Makandi aunde kabati moja humu: likimfikia mteja, ghala libaki karakana; likishindikana, viazi virudi.

Ndiyo sababu Riungu ana furaha nyingi leo.

"Si utoe misumari uipeleke vipande?" anauliza.

"Haina msumari hata moja," Makandi anamjibu. Pembe zote zimeumana kama vidole vya mikono miwili, zikatiwa gundi. "Nikiivunja itakuwa kuni, na kuni uko nazo."

Makandi aliajiriwa miaka minane katika karakana moja mjini Meru, na muda wote huo alipewa msasa tu. Aliambiwa mwanamke hana mkono wa randa. Ujinga mtupu, na yeye aliujibu kwa kuiba ujuzi kwa macho.

"Nilisugua kazi ya watu ikiuzwa na jina zao," anasema. "Sitasugua tena."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Makandi anachukua mtaimbo na kuanza kung'oa mbao za ukuta. Majirani waliokuja kucheka wanajikuta wamebeba kabati hadi kwenye pikapu.

Kufikia adhuhuri limo chumbani mwa mteja wake, Mwalimu Ntinyari, Makutano. Mwalimu anazivuta droo zote. Hakuna inayokwama.

Nyumbani, Riungu bado anateta. "Mama, hii si kutoka. Amebomoa ghala ya baba."

"Tulisema ifike," Makandi anasema. "Itapitia wapi, hukusema."

Mama yao anaendelea kumenya viazi vyake. "Imefika," anasema.

Riungu anaonyesha pengo la ukuta. "Basi rudisha ukuta. Mwangaza itaingia."

"Wacha iingie," anasema Makandi, akipima pengo kwa futi yake. "Hapa naweka mlango kubwa, ya kufunguka pande mbili. Mwalimu ameagiza kitanda."