Swichi ya Chumba cha Baridi

Mtambo wetu ni mdogo. Unavuta maji ya moto kutoka chini ya ardhi, joto lake linazungusha mashine, na umeme unaopatikana unatosha zahanati, kanisa na nyumba za kambi yetu, basi. Kolwezi wana nguzo kubwa za umeme na bado giza kila jioni. Sisi tulijivunia hicho kiduchu chetu. Mwendeshaji wake ni mimi, na mshale wa mita nimeutazama kuliko ninavyomtazama mke wangu.

Mama alipofariki tulimlaza katika chumba cha baridi cha zahanati, tukimngoja kaka yangu mkubwa aliyekuwa safarini kutoka Dilolo. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Kila alipopata mtandao alipiga simu: "Mi niko mu njia. Musimuzike mama bila mi." Nikamwapia.

Adhuhuri moja, pampu moja kati ya mbili za kuvuta maji ikafa na mshale ukaanza kuteremka. Nikazima nyumba. Nikazima kanisa. Mshale ukasita, kisha ukateremka tena. Pampu mpya tuliyokuwa tumeiagiza kabla ilikuwa njiani kutoka Fungurume, lori limekwama kwenye matope, na mafuta ya jenereta ya zahanati yalikuwa ndani ya lori hilo hilo.

Muuguzi akapiga simu. "Tata, kuran ya umeme inashuka. Mashini ya oksijeni ya mutoto inalia."

Mtoto mwenyewe alizaliwa juzi tu, kabla ya wakati wake. Zilibaki swichi mbili: wodi na chumba cha baridi. Muuguzi alijua nani amelala mle, kwa hiyo hakuniambia nizime ipi. Nilimchukia mtoto yule, sifichi. Nikamchukia na mama yake, ambaye hata sikumjua. Nikaizima ya mama.

Mshale ukapanda.

Joto la kwetu halimngoji mtu. Kesho yake shangazi alitoka chumbani mle amefunika pua kwa kitenge, akasema, "Tunazika leo." Kaka hakupatikana kwenye simu.

Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, tunanawa mikono kwenye beseni mlangoni kama ilivyo desturi, ndipo pikipiki ikamshusha kaka. Aliona beseni. Akaangusha mfuko wake.

"Ni nani alisema bamuzike?"

"Ni mi, yaya," nikasema, kama tunavyowaita kaka wakubwa. Nikamweleza habari ya pampu, ya swichi, ya mtoto.

"Mutoto ya nani?"



"Ni yangu," ikasema sauti nyuma yangu. Alikuwa kijana mchimbaji wa shaba, mmoja wa wale waliokuja na sururu zao, bila kuitwa, kutuchimbia kaburi. Udongo ulikuwa bado umemjaa mpaka viwikoni.

Kaka aliitazama mikono ile. Kisha akasogea pembeni ya beseni, akampisha anawe. Mimi hakunisemesha tena mpaka aliporudi Dilolo.