Begi Langu la Mgongoni Sasa Litabeba Nepi

Admin, nifichie jina, na hata mji niliotoka usiutaje, maana kwaya yetu nzima inasoma hapa. Mimi ni mama Mkenya wa miaka arobaini na nane, mjane, Mkatoliki. Huu ni mwaka wangu wa tisa Dubai, napika na kulea mtoto katika nyumba moja mtaa wa Al Barsha. Nina binti mmoja tu, yuko Nairobi, amemaliza chuo. Mimi shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanisamehe nikiandika vibaya.

Wapendwa, miaka hii yote sijawahi kusafiri kwa sababu yangu mwenyewe. Nikipanda ndege ni kwenda kuzika mtu, ama kurudi kazini, ama kufuatana na madam, mwajiri wangu. Mwaka jana nikaanza kuangalia video za wanawake wanaozunguka Ulaya peke yao na begi mgongoni, mimi napiga pasi na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Ikaniingia. Nikaamua likizo yangu ya mwaka huu, wiki tatu, naenda peke yangu: Roma, halafu treni mpaka Lurdi kule Ufaransa, nipite Hispania, nimalizie Fatima, Ureno. Kwingine kote nilitaka kusali. Hispania nilitaka tu kukaa kwenye meza niletewe chai na mtu mwingine.

Nilijipanga vizuri. Hosteli nilichukua chumba cha wanawake, kitanda cha chini, kwa sababu ya magoti. Nilinunua begi la kijani kule Bur Dubai, nikalijaza mchele kilo kumi, na madam akilala mchana napanda nalo ngazi za jengo letu kujizoesha. Askari wa mlangoni, kijana wa Uganda, akiniona anauliza, "Mama, leo Ulaya umefika ghorofa ya ngapi?" Namwambia, "Ya sita. Bado viza." Tunacheka.

Viza inataka barua ya mwajiri kusema hana pingamizi. Madam aliiandika bila hata kuuliza swali. Nilipiga magoti jikoni nikamwombea yeye na nyumba yake. Viza ikatoka. Akachukua pasipoti akaifungia kwenye sefu, akasema isije ikapotea. Sikushtuka, siku zote hukaa huko.

Juzi akawa na wageni, marafiki zake watatu. Nimepeleka kahawa, akaniambia, "Leta begi lako, livae waone." Mimi nikadhani anajivunia mimi. Nikalivaa. "Tembea basi. Tuonyeshe utakavyotembea Roma." Nikatembea kutoka kochi mpaka pazia, nikarudi. Mmoja akasema, "Yalla, treni inakuacha." Nikaharakisha, na magoti yangu haya. Walicheka mpaka mwingine akafuta machozi, na madam alikuwa ameshika simu anapiga video. Hata mtoto, wa miezi kumi, akapiga makofi. Yeye akiona watu wanacheka anafurahi tu.

Walipoondoka akaniita. "Khalas, mchezo umeisha, sasa sikiliza. Jumanne ijayo tunaenda Roma. Wewe viza unayo tayari, umetupunguzia kazi. Utakuja kushika mtoto."

Nikamuuliza, na likizo yangu, madam?

"Si ulitaka Ulaya? Ndiyo hiyo likizo. Na begi lako zuri, tia nepi na chupa za maziwa."

Nikasema hosteli na treni nimeshalipia. Akanijibu polepole, bila hasira, kama anamwelewesha mtoto, "Ukitoka hatua moja bila ruhusa yangu, nitaripoti polisi umetoroka, ukamatwe. Hata binti yako anaona ni afadhali hivi."

Binti yangu? Namba yake nilimwachia madam mimi mwenyewe, ili nikiugua apigiwe. Madam akanigeuzia simu. Alikuwa amemtumia ile video. Mtoto wangu niliyemzaa amejibu emoji nne za kucheka, halafu akaandika kwa Kiingereza: "Samahani, madam. Tafadhali asiende peke yake, atatuaibisha."

Nilimpigia siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, "Umenicheka?" Akasema, "Mum, sasa wewe na huo mwili, ulale hosteli na watoto wa wazungu? Watu wa kanisa watasema nini? Enda tu na madam, si ni bure? Na ukiwa Roma niletee handbag." Nikaitoa simu sikioni nikaitazama. Akadhani network imepotea, akakata.

Tangu hapo rozari naishika lakini haiendi. Nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi unasimama.

Sasa ninachowaomba ni hiki. Tulipoenda Misri mwaka juzi, kwenye foleni ya uwanja wa ndege kila mtu alishika pasipoti yake. Madam hunipa yangu, na tukishapita anairudisha mkobani mwake tukingoja mizigo. Roma pia zitakuwepo hizo dakika chache, pasipoti ikiwa mkononi mwangu. Tiketi zangu za treni, za wiki hiyo hiyo, ziko kwenye simu, na jana nimenunua ya ndege ya kutoka Ureno kurudi Kenya, kabla viza haijaisha. Sitaki kujificha nchi ya mtu. Najua kazi itakuwa imeisha, na Dubai pengine sitarudi tena. Lakini dakika hizo hizo mimi ndiye nitakuwa nimembeba mtoto, na akiwa na usingizi hakubali mtu mwingine, hata mama yake. Atalia. Huyo hajanikosea chochote, makofi alipiga kwa kutojua.

Begi liko hapa miguuni pangu. Madam ameshalikagua, nepi ziko juu. Chini kabisa nimeweka viatu vyangu vya kutembelea.

Ninyi mngekuwa mimi, mngemkabidhi mama yake mtoto pale pale mkaondoka? Nishaurini kabla ya Jumanne, na msinitukane. Na wenye mabinti mniambie pia, ile handbag ninunue?