Kitufe cha "Si Kiswahili"

Likizo ndefu ya mwaka wangu wa pili chuoni, kampuni kubwa ya teknolojia ilinichukua kwa mafunzo ya miezi miwili katika ofisi yake ya Mbarara. Tulikuwa wanafunzi wawili, na kazi yetu ilikuwa kuifundisha kompyuta kusikia Kiswahili. Unavaa hedifoni, unasikiliza sauti ya mtu aliyejirekodi kwa simu, kisha unasahihisha maneno ambayo mashine imeandika. Sauti isiyofaa unaitupa kwa kubonyeza kitufe chekundu kilichoandikwa "Si Kiswahili". Tuliambiwa atakayemaliza sauti nyingi zaidi huenda akaajiriwa.

Nilikuwa mwepesi. Mwongozo ulisema "watu" ni sahihi, "bantu" ni kosa, basi kila niliposikia "bantu" nilibonyeza nikasonga mbele. Wiki ya pili msimamizi wetu alinisifu mbele ya wote.

Jumamosi nilirudi nyumbani, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Tulikimbia kutoka Kivu Kusini, Kongo, nikiwa mdogo sana, lakini Kiswahili chake hakijabadilika.

"Bale bantu ba kazi banakuchunga muzuri?" akaniuliza. "Na fasi unalala, mubu haiko mingi?"

Nilimjibu kwamba niko salama. Alipotaka kujua kazi yenyewe, nikababaika. Ningemwambia nini? Kwamba wiki mbili nzima nimekuwa nikiwatupa watu wanaosema kama yeye?

Jumatatu nilifungua tena mojawapo ya sauti nilizozitupa. Mwanamke alikuwa anauliza, "Mutoto iko na homa. Dawa iko fasi gani?" Mashine ilikuwa imeandika habari za mto na ngoma. Mimi nilikuwa nimemwelewa tangu neno la kwanza, na bado nilibonyeza.

Nikaenda kwa msimamizi, mama wa makamo tuliyezoea kumsikia akisema Kiingereza tu.

"Madamu, nimeharibu kazi," nikamwambia, nikampa hedifoni.

Akasikiliza mara mbili. "Huyu mama nasikia yeye yote," akasema kwa Kiswahili. "Kwa nini ulitupa?"

"Mwongozo unasema hivyo."

"Mwongozo! Mzee wangu alikuwa jeshi. Mimi nilizaliwa kwa kambi yao, kwa barakisi, Kiswahili yangu ndiyo hii. Hata mimi utanitupa?"

Akavuta kiti, tukaandika pamoja barua kwa makao makuu.

Jibu lilichelewa hadi tukakata tamaa. Lilipofika, walikubali kuongeza kitufe cha Kiswahili cha Kongo, ila sauti zile nilizozitupa nizirudie mwenyewe, na hazingehesabiwa. Nilizirudia zote. Nilisikia wauza samaki, wasichana wa shule, na mzee mmoja aliyeisalimia mashine kwanza, akanyamaza akisubiri iitikie. Huyo nilimsikiliza mara tatu, nikicheka peke yangu.

Mwenzangu ndiye aliyepata ajira. Alistahili, nami nilimpa mkono, kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka macho yakakauka. Mchana huo msimamizi akanipeleka kula matoke na nyama ya mbuzi, akanisimulia utoto wake barakisini, jinsi watoto wa kila kabila walivyogombania mpira mmoja. Muhula ulipofunguliwa nikarudi darasani.