Kilo za Mheshimiwa

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kupima watu kilo kwenye kiwanja kidogo cha ndege, huku kwetu Uvira. Mizani ilikuwa ile ya chuma ya kupimia magunia, na kabla ya kuletwa kwetu ilikuwa imepima ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Harufu haikutoka hata tulipoisugua kwa majivu. Abiria alivua viatu, akapanda, jasho la nyayo zake likachanganyika na utelezi wa samaki, nami nikainama kusoma namba, pua yangu karibu na vidole vyake. Nilikinai kabisa. Mpaka leo ndagala hazipiti kooni mwangu.

Wakisubiri ndege waliniuliza maswali, siku zote yaleyale. Honi iko wapi? Inaweza kurudi nyuma? Rubani akisinzia, nani anaendesha? Mbona mabawa hayapigi? Niliwajibu jinsi rubani alivyonifundisha. Bawa limechongwa ili hewa inayopita kwa kasi iliinue, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kwanza. Mkia ndio unaoinua pua au kuishusha. Injini ikizimika ndege haianguki kama jiwe, inateleza hewani huku rubani akitafuta pa kutua. Na jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kushika, ndiyo maana tulikazana kuondoka asubuhi.

Swali lililowakera ni kwa nini wao wenyewe wapimwe. Niliwaambia wafikirie beseni kichwani. Likizidi uzito, shingo inalemewa. Vitu vikisogea upande mmoja, linamwagika hata kama si zito. Rubani anataka kujua kila mtu ana kilo ngapi na atakaa wapi. Walikubali vizuri, kisha akina mama wengine wakaenda nyuma ya ukuta kujifunga vifuko vya ndagala kiunoni, chini ya kitenge, wakidhani kilichofungwa mwilini si mzigo. Mizani iliwaumbua. Hao niliwacheka.

Wakubwa sikuwacheka, maana hawakupanda mizani. Kwetu humwambii mtu wa cheo avue viatu mbele ya watu, asimame pale aliposimama muuza samaki. Nilikuta desturi hiyo na nikaishika: mkubwa unamtazama kwa mbali, unamwandikia kilo za heshima, na kilo za heshima hazikuzidi themanini na tano. Hakuna aliyenilazimisha. Niliziandika kwa mwandiko mzuri, na nikiukumbuka mwandiko ule natamani kutema mate.

Asubuhi moja alikuja mama yangu mdogo, aliyenilea mtaani Kilibula tangu mama alipofariki. Jicho lake moja lilikuwa limeshakufa, na la pili lilikuwa linafifia. Bukavu alikuwepo daktari wa macho mpitaji, ambaye angempasua kesho yake na kuondoka keshokutwa. Barabara ilikuwa haipitiki. Ndege yetu nyingine ingekuja baada ya siku nne.

Kwa kuwa ni mzazi wangu, sikutaka watu waseme nampendelea. Nilimvua ndala, nikampandisha mizani, nikampima mara mbili. Kilo arobaini na tatu. Nikaupima na mkoba wake, nane.

Baada yake akafika Mheshimiwa mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye harusi. Alikuwa ametokwa na jasho lenye manukato, akichokonoa meno kwa kijiti na kutema vipande alipopenda. Kimoja kilitua kwenye daftari langu. Nilikifuta kwa kiganja, nikatabasamu, nikaandika themanini na tano.

Aliingia wa mwisho. Mlango wa ndege ile uko nyuma, na aliposimama pale akihema, mkia ulishuka, pua ikanyanyuka. Rubani aliona. Akaja mbio na orodha yangu ya kilo mkononi, akaniuliza kama nimempima yule bwana. Nikasema ndiyo.

Hakuniamini. Akataka Mheshimiwa ashuke apimwe mbele ya macho yake. Mheshimiwa alikuwa ameshakaa, na hakugeuza hata shingo.

"Minye siko mufuko ya mihogo," alisema, yaani yeye si gunia la kupimwa.

Jua lilikuwa linapanda. Rubani akasema basi huyu atahamia kiti cha mbele, na kilo hamsini zishuke, mtu au mzigo, la sivyo hawashi injini. Mzigo mkubwa ulikuwa masanduku ya Mheshimiwa, na hakuna aliyeyagusa. Msimamizi wetu akapitisha kidole kwenye orodha, akanivuta pembeni. Akaninong'oneza kwamba yule mama ni wa kwangu, hatapiga kelele, mtu wa nyumbani anaelewa. Hesabu yake ilitimia na kilo moja juu.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba namba ile niliitunga, na rubani alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Badala yake nilipanda ndani, katika harufu ya matapishi ya zamani na samaki, nikamshika mama mdogo mkono. Nikamwambia ndege imezidiwa. Hakubisha. Alipapasa ngazi kwa kidole cha mguu, ngazi moja moja, na mimi niliyemshusha nilijiona mchafu kuliko mizani yangu.

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka juu ya bonde la Ruzizi, ikageukia milimani. Tulikaa kwenye benchi. Aligeuza uso kuufuata mlio mpaka ukaisha.

"Ule baba mwenye alipita karibu yangu," akaniuliza, "ulimuandikia kilo ngapi?"

Nikamwambia makumi munane na tano.

"Minye sioni, lakini aliposimama mulango nilisikia ndege yote imeshuka."

Akaniuliza zake zilikuwa ngapi, nami nikamtajia, arobaini na tatu, na nane za mkoba.

"Eh," akasema. "Ya minye uliipima."

Kisha akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwepo, ili nimwongoze mpaka kwenye pikipiki ya kumrudisha nyumbani.