Majani ya Ngaka

Mansuetus alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika mpaka wanunuzi binafsi walipoingia Mbinga na chama kikafunga ghala. Ndipo akapata kibarua Ngaka, kwenye kambi ya watafiti wa makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa kupasua mawe kwa nyundo na kutafuta majani.

Aliyemfundisha ni Anjela, mtaalamu wa miamba. "Mzee, tazama," alimwambia, akimwonyesha jani lenye umbo la ulimi lililochapika ndani ya jiwe la kijivu. "Mti wake ulikwisha duniani zamani mno. Ziko nchi ambako mawe makongwe kuliko haya husomwa umri kwa visukuku, mabaki ya viumbe vidogo vya baharini yaliyobaki kwenye mawe kama michoro ya penseli. Sisi tunasoma majani. Ukiliona hili mahali pengine, jua mawe ni ya rika moja. Na hapa kwetu, makaa hayako mbali chini yake."

Mansuetus akawa na jicho kali. Alifurahia kila jani, wala hakujiuliza makaa yakionekana kitafuata nini.

Novemba akaenda kulima shambani kwake, nyuma ya makaburi ya mama yake na wanawe wawili. Jembe likagonga bamba la jiwe. Akalipasua kwa mazoea tu. Jani lilikuwa pale, mishipa yote wazi. Akapasua la pili, la tatu. Akaacha jembe, akarudi nyuma.

"Umeona nyoka?" mkewe Albina akauliza.

"Heri angekuwa nyoka." Akamweleza.

Albina akatupa jicho makaburini. "Fukia. Na ufunge mdomo."

Wakafukia. Wiki ya tatu baada ya hapo, kambini, Anjela akatandaza ramani mezani, akalaza rula juu yake. "Tabaka hili linaelekea kwenu, mzee. Hujawahi kuona majani huko?"

"Hapana." Hakuthubutu kumtazama usoni.

Anjela akakunja ramani. "Basi tutachoronga tuone."

Mtambo wa kutoboa ardhi ukaletwa shambani kwa Mansuetus. Ulipofika mita kumi na tisa, maji yakatoka meusi ti kwa makaa. Vibarua wakashangilia. Mansuetus alisimama kando.

Kesho yake mpimaji akaja na vigingi vyekundu vya kuweka mpaka wa mgodi. Kimoja akakipigilia katikati ya kaburi la mama na la mtoto mdogo.

"Watatuhamisha lini?" Albina akamuuliza.

Mpimaji akasema hajui, kazi yake ni vigingi tu. Kisha akaomba maji ya kunywa, na Albina akaenda kumletea.