Karatasi ya Kitanda cha Dirishani

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa Arusha mjini, wakati wa Mwingereza, na wengi tuliofanya kazi pamoja pale wameshakufa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitoka nyumbani kwetu, juu ya Makumira, nikaajiriwa msaidizi katika wadi ya wanawake. Hatukuwa manesi. Manesi walivaa kofia nyeupe. Sisi tulivaa aproni za kitambaa cha marekani na tulifanya kila kazi isiyohitaji kofia: kuogesha wagonjwa, kuwalisha, kuwapelekea chombo cha choo na kukiosha, kubadilisha mashuka, na kuwageuza wale ambao miili yao ilikuwa imekataa kujigeuza.

Aliyetufundisha ni sista, mama wa Kizungu aliyesimamia wadi. Alitufundisha kwa mikono yake mwenyewe. Maji ya kuogea upime kwa kiwiko. Anza na uso, bila sabuni. Funua sehemu unayoosha tu, kwingine kote pafunikwe, maana mgonjwa naye ana aibu zake. Shuka livutwe mpaka lisibaki na mkunjo hata mmoja. Na yule asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, umviringishe kuja kwako, usimburure, kisha mto mgongoni na mto mwingine katikati ya magoti. "Ngozi ikilaliwa sana inakufa," alituambia kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. "Ikiwa nyekundu, niite."

Mwenzangu katika wadi alikuwa mama wa Kiarusha wa makamo. Wote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa. Sista alipoondoka siku ile ya mafunzo, Yeyo alinishika mkono akanipeleka kwa mgonjwa mmoja. "Binti," akasema, "sisi hatuwi wekundu. Weka mgongo wa kiganja hapa kwenye mfupa. Pakiwa pa moto kuliko penginepo, hapo ndipo panapoanza." Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amemuuguza mama mkwe wake miaka mitatu.

Yeyo hakujua kusoma wala kuandika. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya kati, na katika wadi ile elimu yangu ilionekana kubwa. Miguuni pa kila kitanda cha mgonjwa asiyejiweza palikuwa na karatasi iliyobanwa kwenye kibao, imepigwa mistari: saa, upande aliogeuziwa, na alama ya aliyemgeuza. Sista aliniagiza niandike zangu na za Yeyo. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Nilichonga penseli yangu kila asubuhi, nikaiweka mfukoni mahali ambapo ingeonekana.

Halafu akaletwa bibi mmoja kutoka mlimani. Alikuwa amepooza upande wa kushoto, lakini akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake haukuguswa. Aliwekwa kitanda cha dirishani. Hakujua Kiswahili hata kidogo. Nilipomwambia nesi mmoja kwamba mimi ni Mmeru, alilidaka neno hilo, akanitazama usoni, akapaza sauti kwa Kimeru, wadi nzima ikageuka.

"Wewe si mtoto wa yule mama wa kando ya mfereji? Nilikubeba mgongoni! Ulikuwa na upele kichwa kizima, tukakupaka samli!"

Wale walioelewa walicheka. Ninapoandika haya naona ni maneno ya upendo tu, ya bibi aliyeogopa, akamwona mtu wa kwao. Lakini siku ile nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimejitengeneza upya pale mjini: nywele nilizitenganisha kwa mstari, Kiswahili changu nilikisafisha, manesi wawili walishaniambia kwamba sista ananifikiria kwa kozi ya unesi. Na sasa huyu bibi ananivua nguo mbele ya watu. Nilimjibu kwa Kiswahili, ambacho hakukielewa, nikapita.

Tangu siku hiyo nilimkwepa. Tulikuwa tumegawana saa za mchana za kumgeuza: mimi saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, Yeyo saa nne, saa nane na saa kumi na mbili. Zamu yangu ilipofika, nilikuta kila mara kuna kazi nyingine: themometa za kuoshwa, maua ya sista kwenye chupa, mgonjwa wa mlangoni aliyejua Kiingereza kidogo. Nilipita kitanda cha dirishani nikaandika, "Saa sita. Kulia." Mwandiko mzuri. Bibi alikuwa bado amelala kushoto, kama Yeyo alivyomwacha.

Aliniita. "Mwanangu, nigeuze, nimechoka huku." Nikamwambia kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, "Nakuja sasa hivi, bibi." Kisha sikuenda.

Asubuhi moja Yeyo alinikabili katikati ya wadi. "Binti, bibi amelowa tangu alfajiri na wewe umepita hapa mara tatu. Pua huna?"

Nilibadilisha lile shuka, lakini moyo ulikuwa umevimba. Mama asiyejua hata herufi ya jina lake ananisema mbele ya manesi! Mchana huo aliponiambia kama kawaida, "Niandikie, saa nane nimemgeuza kulia," nilimjibu, "Baadaye, Yeyo." Baadaye haikufika. Siku iliyofuata vilevile. Kwa siku nne nilijaza mistari yangu yote, ambayo sikuifanyia kazi, na mistari yake nikaiacha wazi. Sikukusudia kumwangamiza. Nilikusudia kumwonyesha tu kwamba bila mimi kazi yake haionekani. Sijui kama hilo linapunguza kitu.

Siku ya tano daktari alipita na sista. Walipofunua shuka la kitanda cha dirishani, nilisikia harufu kabla sijaona. Kwenye nyonga ya kushoto, upande ule ambao bibi hakusikia kitu, ngozi ilikuwa imeoza, nyeusi katikati, mduara kama mdomo wa kikombe. Bibi alitutazama sote kwa zamu, akitafuta kwenye nyuso zetu kujua ana nini.

Daktari alisema maneno machache kwa Kiingereza akaondoka. Sista akachukua kibao cha miguuni. Alisoma pole pole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akamwita Yeyo.

"Saa nne, hakuna. Saa nane, hakuna. Saa kumi na mbili, hakuna. Siku nne! Kwa nini?"

Yeyo akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. "Nimemgeuza, sista," akasema. "Kila saa yangu nimemgeuza."

"Karatasi inasema hapana."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwao. Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha.

Sista akanigeukia. "Wewe unajua lugha ya huyu mama. Muulize nani alimgeuza."

Nikainama, nikamuuliza kwa Kimeru. Bibi alinishika mkono kwa mkono wake mzima. "Ni yule mama," akasema. "Ndiye anayekuja. Wewe una kazi nyingi, mwanangu, wanakutuma huku na huku, naona. Mwambie huyo Mzungu asikugombeze. Wewe ni mtoto wetu."

Nikanyanyuka.

"Anasemaje?"

"Anasema hakumbuki, sista."

"Hakumbuki?"

"Ni mzee sana."

Ndivyo nilivyosema, kwa heshima, nimefunga mikono mbele ya aproni. Yeyo aliinamisha kichwa. Jioni ile aliambiwa arudishe aproni. Alikuwa ameikunja vizuri, mara nne. Akaiweka juu ya kabati la mashuka, akaenda kuwaaga wagonjwa kitanda kwa kitanda. Mimi hakuniruka. "Haya binti," akasema. "Baki salama."

Baada ya hapo nilimgeuza bibi kila saa mbili, zangu na za Yeyo zote. Nilisafisha kidonda kwa maji ya chumvi kama sista alivyoelekeza, nikamsugua mgongo, nikampima joto la ngozi kwa mgongo wa kiganja. Mikono ilifanya vizuri. Lakini bibi hakuacha kuuliza. "Yule mama yuko wapi? Anaumwa?" Siku ya kwanza nikasema amekwenda kwao kidogo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akaniuliza, "Ulimwambia nini yule Mzungu?" nami nikamjibu, "Ulichosema, bibi." Nadhani alijua, maana hakuuliza tena.

Nilivumilia majuma mawili. Jumapili ya pili, badala ya kwenda kanisani, nilishika barabara ya Nairobi kwa miguu mpaka Sakina. Enzi zile Sakina ilikuwa mahindi na maharage, na ng'ombe wakivuka barabara watakavyo. Nilielekezwa nyumba ya Yeyo. Nilimkuta ameketi nje anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na gauni langu la Jumapili. Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikamwambia kwamba bibi alisema kweli na mimi ndiye niliyeipindua.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nimeuza maziwa soko la Usa miaka saba. Unafikiri niliwauzia Wameru kwa lugha gani?" Aliendelea kuchambua. "Nilisikia alichosema bibi, nikasikia ulichosema wewe."

Kwa majuma mawili nilikuwa nimejifariji kwamba walau hakujua. Kumbe alikuwa amesimama pale, akasikia maneno yote mawili, kisha akanitakia nibaki salama.

"Kwa nini hukusema, Yeyo?"

"Kumwambia nani? Sista ana karatasi. Wewe una penseli. Mimi nina nini?" Akatupa maharage mabovu pembeni. "Tena nilifikiri utasema mwenyewe. Niliikunja aproni ile taratibu makusudi, nikikupa muda. Nilivyofika getini nikageuka, nikaona huji. Hapo ndipo nilipoumia. Kazi ni kazi tu."

Nililia, naye aliniacha nilie, hakunibembeleza wala kunifukuza. Nilipomaliza alinipa maziwa kwenye kibuyu. Nilikunywa kwa shida.

Kesho yake nilimweleza sista. Hakupiga kelele. Alileta zile karatasi za zamani, akaniambia nimwonyeshe mstari upi ni wa uongo. Nikaonyesha mmoja, nikaonyesha mwingine, na kila niliouonyesha aliukata kwa wino mwekundu, mpaka siku zangu zote za kitanda cha dirishani zikawa nyekundu. Aliniuliza, "Na alichosema mama mgonjwa?" Nikamtafsiria upya, neno kwa neno, pamoja na yale ya kwamba mimi ni mtoto wao.

Jina langu liliondolewa kwenye orodha ya kozi. Nilipelekwa chumba cha kuoshea vyombo vya choo, nikakaa huko miezi. Sikulalamika, na sikustahili kusifiwa kwa kutolalamika.

Sista aliandika barua ya kumwita Yeyo arudi, akanipa mimi niipeleke na kuisoma. Niliisoma uani kwake, pamoja na pale sista alipoandika kwamba anaomba radhi. Yeyo akasikiliza mpaka mwisho. "Isome tena hapo pa radhi," akasema. Nikasoma tena. Akatikisa kichwa akitabasamu kidogo, akaichukua barua, akaitia ndani ya nguo yake. Lakini hakurudi. Familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini ilikuwa imeshamchukua amtunze mama yao mzee, na kule, alisema, akifanya kazi watu wanaiona kwa macho.

Bibi nilimwambia mwenyewe pia, kwa Kimeru, siku moja kabla wanawe hawajamchukua. Kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama mpya. Alinisikiliza akiwa ametazama dirisha. Nikamgeuza kulia, nikamwekea mto wa magotini. "Vuta shuka," akasema, "lina mkunjo." Nikalivuta. Kesho yake walimbeba kwa machela mpaka kwenye lori, na mimi nilikuwa na vyombo vya kuosha, sikutoka kumuaga. Alifariki mwaka ule ule, nyumbani kwake. Mama yangu ndiye aliyenipa habari, hakujua kwa nini nililia kiasi kile kwa ajili ya jirani.

Kozi niliipata baadaye sana, kwingine, chini ya sista mwingine. Nikaja kufundisha wasaidizi wengine kwa miaka mingi, na wote niliwafundisha ule mgongo wa kiganja. Waliponiuliza nimejifunza wapi, nilisema, kwa mama mmoja. Zaidi ya hapo nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Yeyo nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mjini, karibu na maduka ya Wahindi. Alikuwa amemshika mkono bibi wa Kihindi aliyevaa sari nyeupe, wakitembea hatua za mtoto, Yeyo akiwa upande wa barabara, yule bibi upande wa ndani. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza hali ya nyumbani. Bibi wa Kihindi akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Nani huyu?" akauliza.

"Tulifanya kazi pamoja," Yeyo akamjibu.

Akanyanyua kiwiko cha yule bibi kidogo ili avuke ukingo wa mfereji, wakaendelea. Nilibaki nimesimama pale na kikapu changu mpaka walipoingia dukani.