Neno la Persis na Ndizi za Nyangate

Soko la Suneka halikumjua muuza ndizi mwingine ila Persis, mpaka Nyangate alipoleta mikungu yake. Mimi huuza mboga za managu katikati yao, kwa hiyo niliona yote. Nyangate alikuwa amepanda miche ya maabara, ile isiyo na ugonjwa, na mkungu wake mmoja ulimtoa jasho kijana wa bodaboda. Wateja wa Persis wakaanza kupita mezani kwake wakimsalimu tu, kisha wakanunua ng'ambo ya managu yangu. Zile salamu zilimkosesha Persis usingizi.

Siku moja mteja wake wa zamani, mwalimu Osoro, alikuwa ameshika mkungu wa Nyangate. Persis akamwambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo ni GMO. Ukikula hiyo utafura."

Haikuwa GMO, mbegu yake haikuwa imebadilishwa vinasaba. Nyangate alijaribu kueleza, lakini nani amsikilize? Huku kwetu neno hilo hubandikwa kuku aliyenona, nyanya isiyooza, hata mtoto mwenye mashavu. Osoro aliurudisha mkungu. Muda si muda ndizi za Nyangate zikawa zinaivia mezani, na Persis akawa anaimba nyimbo za kanisani katikati ya wiki.

Desemba bintiye Linda akaja kutoka Amerika. Persis alimleta sokoni ili tumwone, na tulimwona: amenawiri, amejaa, ngozi inang'aa. Nilimwonea Persis wivu. Wangu yuko Nairobi tu na simu hapigi.

"Huko mnakula nini?" nikamuuliza.

"Mahindi, soya. Mingi ni GMO, mama mdogo, na hakuna mtu anauliza. Watu wa Ulaya ndio wanaogopa kama nyinyi."

Soko zima likageuka kumtazama Linda, kuanzia viatu kupanda juu. "Kumbe Persis alikuwa anajua," akasema mama wa viazi, na watu wakacheka.

Linda hakuelewa kicheko. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya Nyangate. "Mama, nipikie hizi."

Persis alisogea mezani kwa Nyangate.

Nyangate alichagua mkungu mkubwa kuliko yote. "Chukua, mwanangu," akasema. "Hautafura."

Persis aliubeba mwenyewe kichwani, akapita nao sokoni kote, na wateja wake wa zamani wakamsalimu mmoja mmoja.